Je, wajua kwa nini wodi iliyoishiwa dawa huweza kuletewa chache zaidi mwezi unaofuata?

Ukisikia wodi ya hospitali kubwa imeishiwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, maelezo mawili huja haraka kuliko mengine: ama dawa zimeibiwa, ama muuguzi mfawidhi amezembea kuagiza. Yote mawili hutokea, na hakuna haja ya kubishana. Ila ipo njia ya tatu, isiyohitaji mwizi wala mzembe. Kila mtu ametimiza wajibu wake, leja imejumlishwa sawasawa, saini zote zipo, na bado wodi iliyokauka inapangiwa dawa pungufu. Inapangiwa pungufu kwa sababu ilikauka.

Njia ya dawa yenyewe ni fupi kuieleza. Katika hospitali ya kufundishia kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, au ile ya Moi kule Eldoret, dawa huingia kutoka bohari ya taifa (kwa Tanzania ni MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, kwa Kenya ni KEMSA) au kwa wauzaji binafsi. Hukaa stoo kuu, hushuka famasi, kisha wodini. Kila ngazi huiomba ile iliyo juu yake, kwa fomu au kwa kompyuta. Mofini na pethidini, dawa kali za maumivu, zina daftari lao na kabati la kufuli. Insulini na oksitosini (ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua) hulala kwenye friji yenye nyuzi 2 hadi 8. Kila kimoja kati ya hivyo kina hadithi yake, lakini kioja chetu kimejificha kwenye safu moja tu ya fomu, ile ya kiasi kilichotumika.

Watu wengi, madaktari wanafunzi wakiwamo, huamini kwamba fomu ile huuliza wagonjwa wanahitaji nini. Haiulizi hivyo. Huuliza ni nini kilitoka kabatini. Kwa mwezi ambao dawa zilikuwapo siku zote, majibu hayo mawili hufanana kiasi kwamba hakuna anayeona tofauti. Dawa zikiisha kabla ya mwezi kuisha, majibu huachana, na fomu hubaki na lile moja tu. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa siku ambayo kabati ni tupu hana mstari wake kwenye leja. Ndugu yake alipewa cheti akaenda duka la dawa nje ya geti, akanunua, sindano ikachomwa, mgonjwa akapona. Hospitalini dawa ile haikutumika.

Kuna pia kuazimana, jambo ambalo kila aliyewahi kufanya kazi wodini analijua. Usiku dawa zimekwisha, muuguzi anavuka ukumbi kwenda wodi jirani, anarudi na vichupa 15, na kikaratasi cha "tumeazima" kinachomekwa katikati ya leja. Kikaratasi kikidondoka, matumizi yale yamehesabiwa kwa jirani. Mwezi ujao jirani ataonekana ana wagonjwa wengi, na wodi yetu itaonekana imetulia.

Mchukue mama lishe anayepika wali wa sahani 40. Saa saba mchana sufuria imekauka, na bado watu 20 wanafika, wanachungulia, wanaondoka. Jioni anahesabu fedha: sahani 40. Daftari lake halina ukurasa wa waliorudi na njaa, lakini yeye aliwaona kwa macho, kwa hiyo kesho ataongeza mchele. Sasa mwondoe kibandani, mkalishe ofisini mji mwingine, umwachie daftari peke yake. Ataapa kwamba mtaa ule hula sahani 40. Siku mchele ukichelewa ikapikwa ya sahani 30, daftari litasema 30, naye kwa nia njema kabisa ataanza kupeleka mchele wa watu wachache zaidi. Hajakosea hesabu hata kidogo. Amekosa kuona nyuso tu. Stoo kuu ya hospitali ndiye mama huyo aliyeondolewa kibandani.

Tuweke tarakimu, maana hapo ndipo jambo hili linapochekesha. Tuseme wodi inahitaji vichupa 10 kwa siku, yaani 300 kwa mwezi wa siku 30, na famasi hugawa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Miezi miwili imeenda vizuri: 300, 300. Mwezi wa tatu shehena inachelewa, wodi inapata 200, na kufikia siku ya 20 kabati limebaki na maboksi matupu. Wastani sasa ni 267. Wodi inapewa 267, zinaisha zote, leja inaandika 267. Wastani unaofuata ni 256. Zinaisha. Unaofuata ni 241. Baada ya hapo namba hupanda na kushuka kidogo, kisha hutulia kwenye 250 na kukaa hapo. Mwezi mmoja mbaya umeipokonya wodi vichupa 50 kila mwezi, na hakuna kitu ndani ya hesabu hiyo kitakachovirudisha.

Huo ni mfano wa mezani, na nimeuvua nguo kwa makusudi. Katika maisha halisi huongezwa akiba ya tahadhari juu ya wastani, na akiba hiyo hufuta sehemu kubwa ya kosa. Mfamasia mzoefu naye huona namba ikishuka ghafla akapiga simu wodini. Simu hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani kuliko nusu ya fomu zinazojazwa.

Dawa ya hesabu hii inajulikana, na inaingia kwenye mstari mmoja: gawa kiasi kilichotumika kwa siku ambazo dawa ilikuwapo, siyo kwa siku zote za mwezi, kisha zidisha kwa 30. Vichupa 200 kwa siku 20 ni 10 kwa siku. Mara 30 ni 300. Ukweli umerudi. Ila inadai mtu awe ameandika tarehe ambayo dawa iliisha, na tarehe hiyo ndiyo kitu ambacho hakuna anayekikumbuka wakati wagonjwa wamejaa hadi sakafuni. Tena inadanganya ikiwa dawa zilikuwapo siku chache mno. Mzigo unaofika baada ya ukame hunyakuliwa ndani ya siku tatu. Ukizidisha siku tatu hizo kana kwamba ndizo kawaida, utaagiza mlima. Hapo ni salama zaidi kuuacha mwezi huo na kutumia ile ya nyuma iliyokuwa mizima.

Hospitali za vyuo vikuu zina utata wao wa ziada. Chukua glavu. Wanafunzi wakiwa wodini, kitanda kimoja huguswa na mikono mingi. Wakienda likizo, glavu hukaa. Wastani unaochukuliwa wakati wa likizo ndio utakaoamua glavu za mwezi wanaporudi, na hapa hakuna hata aliyeishiwa kitu.

Je, wodi isiandike tu namba kubwa zaidi? Wengi hufanya hivyo, na ndipo mambo yanapoharibika upande wa pili. Famasi yenye dawa chache hugawa kwa uwiano: aliyeomba 100 anapata 60. Wodi ikijua hilo, mara nyingine huomba 170 ili ipate 100. Mfamasia naye si mgeni, anakata zaidi. Wodi iliyoomba kwa uaminifu ndiyo inayoumia peke yake. Mwaka 1997 Hau Lee wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliutaja mchezo huu miongoni mwa sababu nne zinazofanya oda ziyumbe zaidi kadiri zinavyopanda kutoka kwa mtumiaji kwenda kwa mzalishaji. Wao waliandika kuhusu biashara, lakini msimamizi yeyote wa stoo atautambua. Shehena ikirejea, oda zile zilizovimba hujazwa zote, na miezi kadhaa baadaye kabati lina maboksi yaliyopitwa na tarehe, ya dawa ileile iliyokuwa ikililiwa.

Baadhi ya hospitali zimeamua wodi isiagize kabisa. Mtu wa famasi hupita, anahesabu rafu, anajaza hadi kiwango kilichokubaliwa. Kwa vifaa kama gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) na bomba za sindano kuna mtindo wa masanduku mawili: la mbele likiisha, kadi yake hupelekwa stoo huku la nyuma likitumika. Ni mtindo mzuri, rahisi, na una upofu uleule. Masanduku yote mawili yakiwa tupu, hakuna kadi nyingine ya kutuma. Wodi inayokosa gozi kwa siku moja na inayokosa kwa wiki mbili huonekana sawa.

Kuna kundi moja la dawa ambalo wastani haulifai tangu mwanzo, nalo ni zile za troli ya dharura, kigari cha dawa za kumwokoa mgonjwa aliyezidiwa ghafla. Adrenalini inaweza kukaa miezi kadhaa katika wodi tulivu bila kichupa kuvunjwa. Kwa kanuni ya matumizi, namba yake ni sifuri na haistahili kuagizwa. Kwa hiyo huwekwa kwa idadi maalumu, hukaguliwa hata kama haijaguswa, na zinazokaribia kuisha muda huhamishiwa idara ya dharura ambako zitatumika mapema, mpya zikachukua nafasi yake. Kwenye leja ya wodi, matumizi ya mwezi huo bado yatasomeka sifuri.