Kiunganishi cha kuteleza: pima kwanza, ndipo ununue

Kila anayenijia gereji hapa Marekani na pikapu ya bodi fupi, yaani yenye sehemu fupi ya mizigo, akitaka kuvuta tela kubwa la kulala, namwuliza kwanza kama amepima. Tela la aina hii halifungwi nyuma ya bampa. Kingipini yake, yaani pini nene ya chuma iliyo chini ya pua ya tela, hukaa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, na kiunganishi huing'ata kwa taya. Ndiyo maana hutulia barabarani kuliko tela la kuvutwa kwa bampa. Shida huja kwenye kona kali, kwa sababu pua ya tela iko juu ya bodi na pembe yake huzunguka kuelekea kebini. Kiunganishi cha kuteleza husogea nyuma ili kuipa pembe hiyo nafasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Upana unaoruhusiwa kwenye barabara kuu za huku ni inchi 102, karibu sentimita 259. Pikapu ikikaa digrii 90 na tela, pembe ya pua hufika mbele ya kingipini kwa nusu ya upana huo, yaani sentimita 130 hivi. Sasa chukua tepu upime kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi ukuta wa kebini, na uache upenyo wa vidole vinne au vitano zaidi. Bodi ya futi 8 kwa kawaida inatosha. Ya futi 6 na nusu hukupa kama mita moja, na ya futi 5 na nusu hukupa pungufu ya hapo. Hapo ndipo vioo vya nyuma vya kebini huvunjika.

Ila upana unaohesabika ni wa pua, si wa tela zima. Matela mengi mapya yamekatwa pembe za mbele makusudi, na kwa bodi ya futi 6 na nusu huenda usihitaji kiunganishi cha kuteleza kabisa. Ikiwa vipimo vinakubali, baki na kiunganishi cha kawaida. Ni chepesi na hakina mengi ya kuchakaa.

Kama havikubali, viunganishi vya kuteleza viko vya aina mbili. Ya mkono inakutaka usimame mahali tambarare, ushuke, uvute wenzo, urudi kwenye usukani, ushike breki za tela peke yake, kisha usogeze pikapu mbele taratibu mpaka kiunganishi kifunge nyuma. Kwa kawaida hurudi kama sentimita 30. Ukimaliza kuegesha unashika tena breki za tela na kupiga rivasi ili kirudi mbele. Shuka uone kwa macho kwamba pini za kufungia zimeingia. Usiende nacho barabara kuu kikiwa nyuma: uzito unapita nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito, na usukani unalegea.

Ya kujiendesha hurudi nyuma yenyewe unavyokata kona na kurudi mbele unaponyooka. Kingipini haizunguki ndani ya taya. Bamba maalumu linaifunga, na kiunganishi ndicho kinachogeuka pamoja na tela. Ni nzito na ni ghali, lakini kwa bodi ya futi 5 na nusu ndiyo ninayoifunga bila kusita. Kona inayokushtukiza kituo cha mafuta haikupi muda wa kushuka kuvuta wenzo.

Ndugu zetu wanaoendesha semi, yaani malori makubwa ya kuvuta tela, wanaijua meza ya kuteleza, kiunganishi chao kinachosogezwa, ila wao huisogeza ili kugawa uzito kati ya ekseli. Kwenye pikapu tunatafuta nafasi ya kugeuka.

Uzito nao usiuruke. Kingipini hubeba kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa tela lililopakiwa. Tela la kilo 5,000 linaweza kuweka kilo 1,000 juu ya bodi. Soma uzito ambao pikapu inaruhusiwa kubeba kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, kisha toa humo watu, vyombo na kiunganishi chenyewe. Wengi husahau hicho cha mwisho, na cha kujiendesha ndicho kizito zaidi.

Ukishafungiwa, nenda kwenye uwanja mtupu na mtu wa kukusimamia nje. Kata kushoto, kata kulia, polepole, hadi mwisho. Rudia penye mteremko, kwa sababu huko pua huinama na kusogea karibu na kebini kuliko tepu ilivyokuonyesha kwenye tambarare.