Je, kampuni ikitoa madawati shuleni, TRA huirudishia fedha zake?

Kila zinapotoka picha za meneja akimkabidhi mwalimu mkuu hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, hakosekani wa kusema: "Hao hawatoi kitu, wanarudishiwa na TRA," yaani Mamlaka ya Mapato. Utaisikia kijiweni, utaisikia hata kwenye kikao cha kamati ya shule. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana haifi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kampuni ya kawaida Tanzania, inayolipa kodi ya mapato ya asilimia 30, kila shilingi 10 za msaada huitoka kampuni shilingi 7, na 3 hubebwa na hazina. Hizo 3 nazo hazipatikani kila mara.

Historia ya madawati tusiikalie sana. Elimumsingi bila ada ilipoanza 2016, watoto walifurika shule za umma kuliko viti vilivyokuwepo, na Rais Magufuli akahimiza kila mwenye uwezo achangie. Benki, viwanda na wafanyabiashara wa mjini wakaitikia. Tangu hapo ushirika kati ya biashara na shule za serikali umekuwa jambo la kawaida: mabati huku, saruji kule, matundu ya vyoo mahali pengine.

Tatizo liko kwenye kuchanganya vitu viwili: kupunguziwa kodi, na kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi. Wengi hudhani kampuni ikitoa milioni 10 shuleni, kodi yake inashuka kwa milioni 10. Sivyo. Kinachoshuka kwa milioni 10 ni fungu linalopigiwa hesabu ya kodi.

Chukua mkulima anayelima shamba la mtu kwa makubaliano ya mgawo: katika kila magunia 10 yanayovunwa, mwenye shamba anachukua 3. Mwaka huu yamepatikana magunia 10 kamili. Kabla ya kugawana, mkulima anampa mjane jirani gunia moja, na mwenye shamba anakubali kwamba gunia hilo lisihesabiwe. Yamebaki 9. Mwenye shamba anachukua sehemu yake ya tatu katika kumi, ambayo sasa ni magunia 2 na sehemu 7 kati ya 10 za gunia. Mkulima anaondoka na 6 na sehemu 3. Asingetoa kitu, angeondoka na 7. Kwa hiyo lile gunia limemgharimu mkulima sehemu 7 za gunia, na mwenye shamba amechangia sehemu 3 bila hata kuonana na mjane. Hakuna aliyerudishiwa gunia zima, na mkulima hakupata faida kwa kutoa.

Kampuni nayo ni hivyo hivyo. Ikipata faida ya milioni 500 bila kuchangia chochote, inalipa kodi milioni 150 na kubaki na 350. Ikichangia milioni 10, inatozwa kwenye 490, inalipa 147 na kubaki na 343. Imepungukiwa milioni 7. Kampuni mpya kwenye soko la hisa, ambayo kwa miaka ya mwanzo hutozwa asilimia 25 ikitimiza masharti, ukarimu huo huo huigharimu milioni 7 na nusu. Kadiri kodi yako inavyokuwa ndogo, ndivyo wema wako unavyokuwa ghali.

Halafu kuna kikomo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii inakubalika isipozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara (yaani faida, si mauzo) ya mwaka huo. Ile kampuni ya milioni 500 mwisho wake ni milioni 10. Ikitoa 25, zile 15 za ziada ni zake peke yake: msaada wote unaigharimu milioni 22. Na iliyopata hasara? Asilimia 2 ya sifuri ni sifuri.

Hapa ndipo penye kioja ninachokipenda. Upo mlango wa pili. Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001 iliunda Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, na mchango unaotolewa kwa mfuko huo chini ya sheria hiyo haubanwi na ile asilimia 2. Milioni 25 hizo hizo zikipitia huko, zote hutolewa kwenye hesabu, na kampuni inapungukiwa milioni 17 na nusu badala ya 22. Yaani kwa mtoaji mkubwa, kupitia mfuko wa taifa ni nafuu kuliko kupeleka mwenyewe kwenye shule iliyo ng'ambo ya barabara. Kwenye makabidhiano, hata hivyo, mlango huo hautajwi sana.

Kuhusu nembo ya kampuni kwenye mgongo wa kila dawati, wapo wahasibu wanaoona kwamba gharama ya namna hiyo ni matangazo, na matangazo ni gharama ya kawaida ya biashara isiyoguswa na kikomo cha michango. Hoja hiyo ina mantiki, ila sheria inataka gharama iwe imetumika kwa ajili ya kuzalisha mapato tu. Dawati lenye nembo lililo darasa la pili, ambako mteja haingii, si ushahidi mzito. Mengi hutegemea nyaraka na ofisa anayekagua.

Migodi tuiweke pembeni. Tangu marekebisho ya 2017 ya Sheria ya Madini, mwenye leseni hana hiari: lazima kila mwaka aandae mpango wa kuchangia jamii unaokubaliwa na halmashauri, kwa kufuata vipaumbele vya eneo. Darasa lililojengwa hivyo halifanani na la hisani.

Waliosahaulika kabisa katika mabishano haya ni biashara za karibu na shule zenyewe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetoa mifuko mitano ya saruji, mama lishe anayepika siku ya ujenzi, fundi anayetengeneza madawati kwa bei ya mbao. Mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo madogo (tangu 2019 kikomo kiliwekwa shilingi milioni 100 kwa mwaka) hutozwa kwa makadirio yanayofuata mauzo, si faida. Mauzo hayapungui kwa sababu umegawa saruji. Anaweza kuomba atozwe kwa hesabu kamili za faida, lakini gharama ya kumlipa mhasibu kila mwaka ingeimeza nafuu ya mifuko mitano. Huyo, tofauti na meneja mwenye hundi, msaada wake humgharimu shilingi 10 katika kila shilingi 10.