Dawa mpya za kipandauso: kabla dada hajatuma sindano kutoka ng'ambo

Mama mmoja anayeuza vitenge pale soko la Kibuye alikuja famasia yetu hapa Kisumu amebeba kikopo cha aiskrimu kimefungwa na taulo. Ndani kulikuwa na sindano ya kalamu ya erenumab, dawa ya kuzuia kipandauso, dadake alimtumia kutoka Marekani. Alikuwa ameiweka kwa freza wiki mbili, katikati ya vipande vya samaki, mbuta, akingoja apate mtu wa kumdunga. Nikaishika nikapata imeganda kama barafu. Hiyo dawa ni protini na ikishaganda imeharibika, hata ukiiyeyusha irudi kuwa maji safi haifai kudungwa mtu. Ilibidi nimwambie, akalia pale pale kwa kaunta, na nilimwelewa kabisa, kichwa kimemsumbua tangu akiwa kidato cha pili. Ameniruhusu nisimulie ili mwingine asipitie hayo.

Tangu hiyo siku nimeulizwa sana kuhusu hizi dawa mpya, kama ni kweli zinamaliza kipandauso. Hakuna inayomaliza. Lakini zinasaidia watu, na wengine zinawasaidia sana, kwa hivyo wacha nieleze mtu apime mwenyewe akiwa na daktari wake.

Kipandauso si kichwa cha kawaida. Shambulio moja ukiliacha bila dawa linachukua kati ya saa 4 na saa 72, kichwa kinagonga mara nyingi upande mmoja, mwanga unauma, kelele zinauma, unatapika. Huku kwetu watu wengi wakishikwa hivyo wanasema ni malaria, wananunua dawa ya malaria bila kupimwa, kichwa kinaisha siku ya tatu kama vile kingeisha tu, alafu wanaamini ni malaria ilitoka. Tafadhali pima kwanza, tone moja la damu kwa kidole linatosha.

Sasa hizo dawa. Wakati wa shambulio mishipa ya fahamu ya kichwa inatoa kitu kinaitwa CGRP, kinapanua mishipa ya damu na kukoleza maumivu. Wanasayansi wanne waliofungua hiyo njia, Edvinsson, Goadsby, Moskowitz na Olesen, walipewa tuzo ya Brain Prize 2021. Dawa mpya zinazuia hicho kitu kisifanye kazi. Kuna sindano za kuzuia mashambulio, unadungwa kila mwezi au kila miezi mitatu, ya kwanza ikiwa hiyo erenumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2018. Alafu kuna vidonge vya jamii ya jepanti, kama ubrogepant na rimegepant, vya kumeza kichwa kikianza, na atogepant ya kumeza kila siku kuzuia.

Zinafanya kazi kiasi gani? Kwa jaribio moja kubwa la erenumab watu walikuwa na kipandauso kama siku 8 kwa mwezi. Waliopata dozi ya juu walipungukiwa na siku 3.7, na waliodungwa sindano isiyo na dawa wakapungukiwa na siku 1.8. Nusu ya waliopata hiyo dozi ya juu, siku zao za maumivu zilipungua kwa nusu au zaidi. Ni kitu kizuri hicho, lakini pia ina maana nusu ingine haikufika hapo, na hawa ndio hatuwasikii kwa video za mtandaoni.

Na hapa ndio watu hushangaa. Kwa vidonge vya kutuliza shambulio, mpya si lazima iwe na nguvu zaidi. Mwaka wa 2024 jarida la madaktari la BMJ lilichapisha utafiti uliojumlisha majaribio 137 ya karibu watu 90,000, na baadhi ya triptani, dawa ambazo zimekuwa sokoni tangu miaka ya tisini, zilishinda rimegepant na ubrogepant. Uzuri wa jepanti uko kwingine. Triptani inabana mishipa ya damu, kwa hivyo mtu wa ugonjwa wa moyo, aliyepata kiharusi, au presha yake haijatulia hatumpi. Jepanti haibani, na huyo mtu sasa ana kitu cha kumeza. Kwangu hiyo ndio faida kubwa kuliko zote, na kama wewe ni huyo mtu nisingetaka ukate tamaa.

Ubaya nao upo. Erenumab inafunga choo, wengine vibaya sana, na imeonekana kupandisha presha kwa baadhi ya watu kwa hivyo ni lazima upimwe ukiwa unaitumia. Ukipanga kupata mimba, sindano inakaa mwilini miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa hivyo hayo mazungumzo ni ya mapema, si ukishakosa siku zako. Kuna pia lasmiditan, hii si jepanti, inalewesha kichwa na ukishaimeza huruhusiwi kuendesha gari kwa saa 8, sasa mtu wa boda au wa matatu ya Busia hiyo saa 8 ni siku nzima ya kazi imeenda.

Kitu ambacho karatasi ya dawa imekitaja kwa maandishi madogo lakini huku Nyanza na Western ni kikubwa: jepanti zinavunjwavunjwa na ini kwa njia moja na dawa nyingi tunazotoa kila siku. Ukiwa kwa matibabu ya TB unameza rifampicin, ile inageuza mkojo rangi ya machungwa, itafagia jepanti kabla haijakusaidia. Ukiwa kwa ARV zenye ritonavir inakuwa kinyume, jepanti inarundikana mwilini. ARV ya dolutegravir yenyewe haina hiyo shida ya ritonavir. Na sindano hazipiti njia hiyo ya ini, kwa hivyo hazigongani na hizo dawa. Sasa mtu anaficha kwamba yuko kwa ARV kwa sababu kemisti imejaa watu na anajulikana mtaani, na ninaelewa, lakini omba kuongea kando, sema tu nataka kuongea kando. Maana hata dawa ya zamani ya kipandauso, ergotamine, ikikutana na ritonavir inaweza kubana damu isifike vidoleni mpaka kidole kiharibike.

Bei sitaizunguka. Erenumab ilipoanza kuuzwa Marekani iliwekwa dola 575 kwa mwezi. Hata ukipata kwa nusu ya hiyo, ni dawa inataka uendelee miezi, na inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8, si freza, na Kisumu mchana joto ni kama 30 na stima inapotea bila kuaga.

Chama cha madaktari wa kichwa cha Marekani kilisema 2024 kwamba mgonjwa asilazimishwe kupitia dawa za zamani kwanza. Wana sababu zao, na kwa mtu ambaye bima inalipa sina ubishi nao. Lakini kwa mtu anayetoa pesa mfukoni mwake mimi bado ningeanza na hivyo vidonge vya zamani vya kuzuia, propranolol kama hana pumu, au amitriptyline kidogo usiku, na ningempa wiki nane kamili kabla ya kusema imekataa. Wengi wanaoniambia "nilijaribu zote" walijaribu siku kumi wakaacha kwa sababu ya usingizi.

Na kabla ya yote, hesabu siku unazomeza dawa ya maumivu. Panadol au ibuprofen ikifika siku 15 kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zenye kafeini siku 10, na imeenda hivyo zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa.

Huyo mama wa Kibuye nilimpa daftari la kurasa 32 achore alama kila siku anayomeza. Mwezi wa kwanza alileta alama 19. Daktari akapunguza hizo dawa, akamwanzisha amitriptyline, wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu na alinipigia simu mara mbili akitaka kuacha. Mwezi wa tatu daftari lilikuwa na alama 6. Dadake bado anauliza kama atume kalamu ingine, na mama amemwambia angoje mpaka Desemba aone daftari linasemaje, na akituma safari hii isikaribie mbuta.