Virusi ndani ya mikrobe ya kolera: maswali tunayoulizwa pale ziwani Goma

Eti mikrobe nayo inashikwa na virusi?

Ndiyo kabisa. Bakteria iko na virusi vyake, vinaitwa bakteriofaji, wengine wanasema faji tu, jina alilolitoa mtafiti Félix d'Hérelle mwaka 1917. Vile havishike chembe za mtu, vinatafuta bakteria.

Sasa vikiingia vinaifanya nini ngozi yake?

Bakteria ya kolera ina tando mbili, wa ndani na wa nje, katikati ukuta mwembamba. Faji za kuua zinazaana mule ndani, halafu protini inaitwa holini inatoboa utando wa ndani, endolisini inapita kwenye matobo inaenda kula ukuta, spanini nazo zinagandisha tando zote mbili pamoja, basi bakteria inapasuka faji mpya zinamwagika. Bakteria nayo hailali, zingine zinabadilisha sukari za juu ya utando wa nje ili faji ikose pa kushika.

Kumbe virusi vinatusaidia!

Hizo za kuua, ndiyo. Lakini kuna faji ingine, CTX-fai, na hii njo inaniuma: watafiti Waldor na Mekalanos walionyesha mwaka 1996 kwamba njo inabeba jeni za sumu ya kolera. Haipasui kitu. Inajiingiza katika jeni za bakteria, na ikizaana inatoka kwa mlango wa utando wa nje uleule sumu inapitia, bakteria inabaki nzima. Sumu ikifika kwa utumbo, chumvi inamwagika, maji inafuata, mtu anahara kama maji ya mchele. Ni kolera hiyohiyo iliyoua wakimbizi kwa maelfu hapa Goma, Julai 1994.

Mama mmoja wa Kituku, hapa Goma, aliuliza: basi ninunue antibiotiki?

Hapana mama. Antibiotiki haiui virusi, inapiga bakteria, na muganga njo anaitoa kwa mgonjwa aliyezidiwa, tena sumu iliyokwisha kushika utumbo haiitoe. Kinachookoa ni maji na chumvi: pakiti moja ya SRO (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwa litre 1 ya maji safi, anza kumnywesha njiani mkienda santre ya kolera. Mtoto macho yakiingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo ikikawia kurudi, kimbia, usingoje asubuhi.

Na bido ya maji yenye kutiwa kloro?

Ngoja dakika 30 kwanza, njo unywe.