Je, wajua kwa nini pikapu iliyonyanyuliwa bado inagonga difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) kwenye mawe?

Hii inawachanganya wengi sana. Mtu anafunga lifti (vifaa vya kunyanyua gari) ya inchi 2 au 3, gari inasimama juu, inapendeza kwa kweli, afu siku ya kwanza kwenye njia ya mawe unasikia ngo! huko chini, difu ya nyuma imegonga jiwe la kimo kile kile ambalo lilikuwa linagongwa hata kabla gari haijaguswa. Sasa ile inchi 2 imeenda wapi?

Imeenda kwenye bodi. Springi ndefu na shokapu ndefu kazi yake ni kuisukuma chesisi iwe mbali na ekseli, basi. Ekseli ya nyuma yenyewe haijapanda hata milimita moja kwa sababu imekaa kwenye rimu, rimu imekaa kwenye tairi, na tairi ni zile zile. Mbele kidogo ni tofauti, pikapu nyingi za siku hizi kila gurudumu la mbele linacheza lenyewe na difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, kwa hiyo hiyo inapanda pamoja na bodi, lakini kule nyuma kwenye ekseli ya kipande kimoja hakuna ujanja. Kitu pekee kinachoweza kuinua ile difu ni tairi yenye kimo kikubwa zaidi.

Lifti ina faida yake na ni kubwa: tumbo la gari linapanda, tenki na giaboksi vinakaa mbali na mawe, bampa ya mbele haichoti udongo ukianza kupanda mwinuko mkali. Ila faida kubwa kuliko zote ni kwamba inafungua nafasi ndani ya fenda ili tairi kubwa iingie na izunguke bila kukwaruza. Ndo maana nasema kila siku, chagua tairi kwanza kufuatana na kazi ya gari, afu ndo uulize lifti kiasi gani itatosha hiyo tairi. Wengi wanaenda kinyume, wananyanyua gari mpaka wanaridhika na macho yao, afu wanatafuta tairi ya kujaza shimo lililobaki, matokeo yake gari inakuwa refu, nzito, inayumba kwenye kona na haijapata kitu cha maana huko porini.

Twende kwenye namba, maana bila namba utauziwa chochote. Chukua tairi iliyoandikwa 265/65R17, saizi ambayo pikapu nyingi za ukubwa wa kati zinatoka nayo kiwandani. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia, yani ukuta wa tairi (ule ubavu wake) una kimo cha asilimia 65 ya ule upana, ukipiga inakuja kama milimita 172. R ni radial, nyuzi za ndani zimepita mkato kutoka ubavu hadi ubavu, na 17 ni rimu kwa inchi, ambayo ni milimita 432. Kimo chote cha tairi ni kuta mbili jumlisha rimu: 172 na 172 na 432, unapata milimita 776 hivi, sawa na inchi 30 na nusu.

Sasa weka 285/70R17, ile ambayo watu wanaiita 33, yani kimo cha kama inchi 33. Ukuta ni karibu milimita 200, kimo chote 831. Tofauti na ya kwanza ni milimita 55. Ukiona hivyo unafikiri difu imepanda milimita 55, hapana, nusu ya hiyo tofauti inaenda juu ya ekseli na nusu chini yake, kwa hiyo difu imepanda kama milimita 27, inchi moja na kidogo. Hata ukienda 315/70R17 ambayo inauzwa kama 35 (kwa hesabu ni inchi 34 na kidogo tu), unapata milimita 48 hivi chini ya difu. Inchi moja ya chini ya difu ni ghali jamani, inaombwa kwa jasho, na ndo maana inabidi ujue kama kweli unaihitaji.

Maana kila milimita ya tairi inadai malipo sehemu nyingine. Tairi ya 831 inatembea umbali mrefu zaidi kila mzunguko, asilimia 7 zaidi ya ile ya 776. Spidomita haijui hilo, yenyewe inahesabu mizunguko tu, kwa hiyo mshale ukisoma 100 kwa ile hesabu ya zamani gari inaenda kama 107, ingawa spidomita nyingi za kiwandani zinasoma juu kidogo ya spidi halisi kwa hiyo sehemu ya kosa inamezwa humo. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, usije ukasema gari imeanza kunywa mafuta kumbe umesafiri zaidi ya ilivyoandikwa (ingawa itakunywa zaidi kweli, tairi ni nzito na inapambana na upepo). Na nguvu inayofika ardhini inapungua kwa asilimia ile ile 7, ni sawasawa na gia zako zote zimekuwa ndefu. Kwenye 33 injini yenye nguvu ya kutosha itavumilia, ukifika 35 kwenye pikapu ya kati utaanza kuona gia inarudi rudi kwenye kila kilima, na hapo wanaojua wanabadilisha meno ya difu, mbele na nyuma kwa pamoja, yawe na uwiano mkubwa zaidi kama 4.56 au 4.88 (yani shafti inazunguka mara 4.56 ndo gurudumu lizunguke mara moja). Breki vilevile. Watu wanasahau breki kabisa, wakati gurudumu kubwa na zito lina ubishi wa kusimama na disiki ni ile ile ndogo, na hapa siongelei starehe naongelea uhai wa watu waliomo ndani na wanaovuka barabara mbele yako.

Meno ya tairi. Hapa mabishano hayaishi ila mambo yenyewe yako wazi. H/T ni ya lami, achana nayo kama unatoka nje ya lami mara kwa mara. A/T ni ya kila mahali, vipande vyake vya mpira vimekaribiana na vina vile vichanio vyembamba vinavyoshika lami iliyolowa. M/T ni ya matope, ina meno makubwa na nafasi pana katikati, na zile nafasi ndo dawa yenyewe, tairi ikizunguka inayatupa matope nje na jino linarudi likiwa safi kushika tena, wakati A/T kwenye matope mazito yanayonata inajaa inakuwa laini kama kipara. Lakini ile nafasi ya M/T kwenye lami maana yake ni mpira mchache unaogusa barabara, kwa hiyo inavuma, inaisha haraka, na kwenye mvua inachelewa kusimama. Na kwenye mchanga laini M/T ukikanyaga mafuta kwa pupa inachimba, inajizika yenyewe, A/T iliyopunguzwa upepo inaelea vizuri zaidi. Siku hizi kuna R/T, ya katikati ya A/T na M/T. Kwa maoni yangu mtu ambaye sehemu kubwa ya safari zake ni lami na vumbi, A/T ndo tairi yake, na hata asione aibu.

Upana nao. Pana inaonekana ya kibabe, lakini kwenye matope mepesi yenye sakafu ngumu chini, tairi nyembamba inakata mpaka inafika penye ugumu na inashika. 255/85R16 ina kimo cha milimita 840, refu kuliko ile 285/70R17, na ni nyembamba kwa milimita 30, inaingia kwenye fenda bila ugomvi mwingi. Tatizo lake ni kwamba hazitengenezwi kwa wingi. Pana inafaa pale ambapo unataka kuelea, mchanga na matope yasiyo na mwisho.

Usidanganyike na rimu kubwa. 275/60R20 ina kimo cha milimita 838, karibu sawa na zetu za 33, ila ukuta wake ni milimita 165 tu badala ya 200. Ukuta ndo unaojikunja jiwe likipita na ndo unaolinda rimu isipinde, kwa hiyo 16 au 17 ni bora, mradi tu rimu ipite juu ya breki zako.

Kuhusu kuingia: kwenye pikapu nyingi za kati 33 inataka lifti ya karibu inchi 2 na mara nyingi kukatakata plastiki ya ndani ya fenda. Kinachosumbua zaidi ni gari ikikata kona kabisa, tairi inagusa madigadi au ile sehemu ya nyuma ya fenda inapofungiwa bodi kwenye chesisi. Hapa rimu ina neno. Kila rimu ina namba ya ET, ikiwa kubwa gurudumu linaingia ndani, ikiwa ndogo linatoka nje. Ukitoka ET30 kwenda ET0 umelitoa nje milimita 30, limepona kugusa mkono wa juu wa sasipensheni lakini sasa likikata kona linachora duara kubwa zaidi na kwenda kugonga fenda, usukani unakuwa mzito na beringi za habu zinaumia. Kwa hiyo usijaribu kwa kusimama sehemu tambarare peke yake. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kitu kirefu springi ibanwe mpaka mwisho, kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, ndo utajua. Na ukishanyanyua gari peleka wapime alaimenti, na taa za mbele zishushwe, maana zitakuwa zinawamulika machoni wanaokuja.

Kama pikapu inabeba mzigo soma namba ya uzito iliyoandikwa baada ya saizi. 116 ni kilo 1,250 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Tairi zenye LT mwanzoni ni za magari ya mzigo, na herufi C, D, E zinaonyesha ugumu ukipanda. E ni ngumu kweli, inavumilia mawe na mzigo, ila kwenye gari tupu inakurusha rusha. Na tairi ya LT kubeba uzito ule ule inataka upepo mwingi zaidi ya tairi ya kawaida, kwa hiyo ile presha ya kwenye stika ya mlangoni ni ya tairi ya kiwandani, tafuta jedwali la aliyetengeneza tairi yako.

Ukiingia mchangani shusha upepo mpaka PSI 15 hadi 18, alama ya tairi ardhini inarefuka na gari inatembea kana kwamba umebadilisha gari. Endesha taratibu, usikate kona kwa nguvu tairi isije ikavuka kwenye rimu, na ujaze tena kabla hujarudi lami, tairi laini kwenye spidi inachemka na kupasuka.

Angalia pia namba nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Na nunua tano, zote saizi moja. Spea ya saizi ya zamani ukiifunga upande mmoja wa ekseli difu inafanya kazi bila kupumzika, na ukiweka fowili (magurudumu yote manne yavute) kwenye ardhi ngumu wakati mbele na nyuma vimo havilingani mfumo unajikaza mpaka kitu kivunjike. Pima na pale spea inapokaa chini ya gari kabla ya kulipa, kuna pikapu ambazo 33 haipandi pale na itabidi uitafutie nafasi kwenye bodi ya nyuma.