"Mwalimu, nifungulie mitandao yote"

Wafanyabiashara wadogo ninaowafundisha hapa Dodoma wana neno moja: "Mwalimu, nifungulie na TikTok, na X, na Threads, nionekane kote." Nimechoka kulisikia, maana najua linakowafikisha.

Kuwa na akaunti si kuonekana. Mitandao hii haimwonyeshi mtu kila kilichowekwa. Inachagua, na anayeposti mara kwa mara na kujibu wanaomuuliza ndiye anayepewa nafasi. Akaunti uliyoigusa mara ya mwisho Pasaka ni kama haipo. Mama mmoja muuza zabibu alinipa simu yake niikague. Alikuwa na akaunti sita. Kwenye Facebook, chini ya picha ya kreti la zabibu, palikuwa na swali: "Kilo shilingi ngapi? Nataka kreti 3, nipo Kisasa." Liliandikwa Machi, zabibu zimejaa. Sisi tunalisoma Juni. Mteja mwenye hela yake, mji huu huu, amepotea kwa sababu mama alikuwa anahangaika kujifunza kukata video za mtandao wa sita. Anafungua simu usiku, amechoka, bando linakaribia kuisha, aanzie wapi?

Ushauri wangu siubadilishi: miwili, basi. Wa kwanza WhatsApp Business, kwa sababu mteja wa hapa hata akikuona kwingine, mwisho ataomba namba. Wa pili utategemea unachouza. Keki na nguo zinataka picha, nenda Instagram. Na wewe unayewinda zabuni za serikali, jisajili NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Huko ndiko zinakotangazwa, watu wa mji wa serikali, Mtumba, hawakutafuti TikTok.

Wapo wanaonibishia: "Mmoja ukizimika ninayo mingine." Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za kampuni moja, Meta. Tarehe 4 Oktoba 2021 zilizimika zote tatu kwa pamoja, kwa takriban saa 6. Kinga ni daftari lenye namba za wateja wako, kwa mkono wako mwenyewe.

"Wafuasi wengi, wateja wengi." Hapana. Wafuasi 10,000 uliowanunua hawatakuchukulia hata kilo moja.

"Akaunti niliyoitelekeza haina madhara." Inayo. Laini isipotumika muda mrefu kampuni ya simu huifunga, na namba ile inaweza kupewa mtu mwingine. Kama ndiyo uliyofungulia akaunti, namba ya siri ya uthibitisho itaingia kwenye simu yake. Akaunti usiyoitumia ifute.

Yule mama tulifuta nne. Kwenye WhatsApp tukamwekea orodha ya kutuma tangazo kwa wateja wengi mara moja. Orodha moja inabeba watu wasiozidi 256, na tangazo linamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo sasa kila anayenunua anaombwa aihifadhi namba palepale mezani, kabla hajakabidhiwa mfuko wake.