Pengo kati ya Barva na Irazú

Anayetembelea bustani ya La Sabana, magharibi mwa jiji la San José, anaweza kuingia katika Makumbusho ya Sanaa ya Kosta Rika bila kujua kwamba jengo hilo ndilo walimosubiri abiria wa ndege mpaka mwaka 1958. Nyasi zinazochezewa mpira leo zilikuwa uwanja mkuu wa ndege wa nchi nzima. Kazi yangu ni kuwafundisha marubani hesabu za utendaji wa ndege, yaani ndege yenye uzito fulani, siku yenye joto fulani, itapanda kwa kasi gani na itavuka nini, na kila muhula mpya huanzia hapo La Sabana. Sijapata mahali pengine ambapo hesabu ya dakika sita inaeleza vizuri zaidi kwa nini ndege nzima, isiyo na hitilafu yoyote, huishia kwenye ubavu wa mlima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilibaki na maelfu ya ndege za uchukuzi zisizo na kazi, nyingi zikiwa DC-3 zenye injini mbili katika umbo lake la kijeshi la C-47, na bei yake ikashuka hata kampuni ndogo zikaweza kuzinunua. Amerika ya Kati ilizipokea kwa mikono miwili. Kampuni ya TACA, iliyoanzishwa Honduras mwaka 1931 na Lowell Yerex, mzaliwa wa New Zealand, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba mahali pasipo na barabara ndege inaweza kufanya kazi ya lori, ikabeba mitambo ya migodi na hata mifugo. LACSA ya Kosta Rika ilianzishwa mwaka 1945 kwa ubia na Pan American. Kati ya San José na bandari ya Limón palikuwa na reli tangu mwaka 1890, lakini treni ilitumia sehemu kubwa ya siku, ilhali ndege ilikuwa safari ya nusu saa hivi.

Nusu saa hiyo ndiyo yenye kisa. San José iko bondeni, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,150, na kaskazini mwake imesimama safu ya volkano: Poás, kisha Barva yenye mita 2,906, kisha Irazú yenye mita 3,432. Kati ya Barva na Irazú safu inabonyea ghafla, na kwenye pito la La Palma ardhi inashuka hadi mita 1,500 hivi. Rubani anayekwenda Limón analiona pengo hilo tangu anapowasha injini. Akitaka kupita juu ya Barva kwa usalama, inambidi azunguke juu ya jiji zaidi ya dakika kumi akipanda na kuchoma mafuta. Akipita pengoni, ananyoosha moja kwa moja.

Tatizo ni kwamba mawingu nayo hupita papo hapo. Pepo za kutoka kaskazini-mashariki, ambazo Wahispania huziita *alisios*, huvuma kutoka Bahari ya Karibi karibu mwaka mzima na kupata nguvu zaidi kuanzia Desemba hadi Machi. Msomaji wa pwani yetu na afikirie kaskazi inayokutana na ukuta wa mlima badala ya kuingia bandarini. Hewa hiyo yenye unyevu hupandishwa na mteremko, hupoa, hugeuka wingu, na kwa kuwa haina njia rahisi ya kuvuka vilele, humiminika pengoni. Msitu wa upande wa Karibi hupata zaidi ya mita 4 za mvua kwa mwaka, wakati Januari hiyohiyo San José iko katika kiangazi na anga ni buluu. Rubani aliyepaa kwenye jua kali alikuwa amebakiza dakika chache tu kuingia katika weupe usio na upeo.

Sasa tufanye hesabu kama tunavyoifanya ubaoni. Joto la nyuzi 27 katika mwinuko huo hufanya hewa iwe nyepesi kama ya mita 1,860 hivi, kwa hiyo bawa na propela vinafanya kazi kana kwamba uwanja uko juu kwa mita 700 zaidi. Tuseme DC-3 iliyojaa inapanda mita 150 kwa dakika, ikienda kilomita 200 kwa saa, na pengo liko umbali wa kilomita 20. Itafika baada ya dakika sita, ikiwa imepanda mita 900, na chini yake zitakuwa zimebaki mita 550. Darasa hupumua hapo, kisha naongeza upepo. Ndege inalifikia pengo kutoka upande ambao hewa, baada ya kuvuka mlima, inashuka. Hewa ikishuka mita 2 tu kwa sekunde katika dakika tatu za mwisho, mita 360 zimekwenda, zimebaki 190, na mbele hakuna kinachoonekana. Rubani akiamua kugeuza kwa kuyainamisha mabawa nyuzi 30, duara lake litahitaji upana wa zaidi ya kilomita moja, naye hajui tena ukuta upo upande gani. Injini moja ikizima hapo, mjadala umekwisha, kwani DC-3 iliyojaa, kwa injini moja katika hewa hiyo, haipandi kwa kiasi cha kumwokoa mtu.

Kwa ajali za namna hii wengi hupenda kuilaumu altimita, chombo kinachokadiria mwinuko kwa kupima mgandamizo wa hewa. Kwa Ulaya au Amerika Kaskazini ningekubali, maana huko mgandamizo wa hewa hubadilika sana kati ya siku na siku. Karibu na ikweta haubadiliki kiasi hicho, na kosa la hektopaskali tano za mgandamizo huo ni mita 40 na ushei tu. Chombo ninachokishuku zaidi ni kile kilichotafuta mawimbi ya redio ya kituo cha chini, ambacho mshale wake ulipaswa kuelekea kituoni. Radi nayo ni redio kubwa. Mshale ulikuwa ukiiacha Limón na kugeukia wingu la ngurumo, taratibu, bila taa wala kengele ya onyo, na rubani mwaminifu akaufuata.

Mpelelezi anayefika kwenye mabaki huanza na panga za propela. Panga zilizojikunja na kusokoteka zote kwa namna moja husema kwamba injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu mpaka mwisho. Upanga mmoja uliopinda kwenda nyuma huku mingine imenyooka husema propela ilikuwa haizunguki. Ikiwa injini zote mbili zilikuwa zikivuta, basi rubani aliamini kwamba mbele yake kuna hewa tupu. Hata kwetu, tarehe 18 Mei 1955, DC-3 ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro, na kuua watu wote 20. Hiyo ni aina ileile ya ndege, kwenye mlima ambao siku ya anga safi huonekana kutoka mbali mno.

Mwaka 1958 safari zilihamishiwa El Coco, uwanja ambao leo unaitwa Juan Santamaría, ulio chini kwa zaidi ya mita 200 na mbali zaidi na pengo. Milima haikuhama. Tarehe 15 Januari 1990 ndege ya shirika la SANSA aina ya CASA 212 ilipaa kutoka hapo na kugonga Pico Blanco, kusini mwa bonde, na watu wote 23 wakafa.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni wapi ilikoangukia TC-48, ndege ya Jeshi la Anga la Argentina aina ya C-54 yenye injini nne. Tarehe 3 Novemba 1965 iliondoka Panama kuelekea El Salvador ikiwa na watu 68, wengi wao wanafunzi wa uanajeshi, ikaripoti moto kwenye injini, ikasema inaelekea Limón, na haikusikika tena. Maboya ya kuokolea yaliopolewa baharini karibu na Bocas del Toro, huko Panama, lakini baadhi ya familia zimeamini kwa miaka mingi kwamba ndege iko katika msitu wa milima ya Talamanca, kusini mwa Kosta Rika, na watu wamepanda huko kwa miguu kuitafuta. Siwashangai, kwa sababu msitu ule unaweza kufunika bawa la mita 35 lisionekane hata kwa anayepita juu yake. Hata hivyo mimi naelemea upande wa bahari. Safu ya Talamanca inafika mita 3,820 kwenye Chirripó, na rubani mwenye moto bawani, aliyekwisha kutaja uwanja ulio usawa wa bahari, hana sababu ya kuipandia. Angeshuka, akafuata ufuko, na kuuweka mlima upande wake wa kushoto.